Matofali Yanayopumua

"Ningu, nguo zinalowa. Anua."

Sauti ya Kiragu, bosi wake, ilipita sikioni mwa Adongo, aliyeitwa Ningu kazini, kupitia kidude cha Motorola.

Nguo zinalowa: mzigo umetoka. Anua: uwahi kabla haujavuka maji.

Alikuwa nyuma ya bodaboda, Boxer nyekundu, akiteremka kutoka Milimani, Kisumu, mchana kweupe. Mbele yake Prado nyeupe ilikuwa ikitimua vumbi kuelekea ziwani. Alikuwa amejifunga leso mbili kama muuza samaki. Chini ya leso, kiunoni, Glock 19. Kifungo cha tatu cha blauzi yake kilikuwa kamera.

"Madam, kwani tunafuata hao watu?" mwenye boda aliuliza.

"Tunaenda Dunga. Wewe endesha tu."

"Na hao pia wanaenda Dunga."

"Basi tutafika pamoja."

Wacha nikuambie kitu kabla hatujafika mbali. Hawa majasusi unaosikia hawajui hofu, ni uongo mtupu. Adongo alikuwa ameshafanya kazi hii miaka, tena kazi chafu, na siku hiyo mate yalikuwa yamemkauka tangu asubuhi. Sababu ilikuwa moja. Calvince alikuwa amenyamaza.

Calvince ndiye aliyekuwa mtu wao ndani ya genge la magendo lenye mzigo huo. Kijana wa Obunga, dereva wa boti, anayelijua ziwa kama mtu anavyojua uani kwake. Adongo ndiye aliyemwingiza katika mambo haya. Alikwenda hadi nyumbani kwake, akanywa chai ya mkewe Janice, mimba yake ikiwa kubwa, akasema kwa mdomo wake mwenyewe, "Nitakurudishia huyu mtu wako."

Janice alimwangalia tu. "Usiniahidi kitu cha ziwani, Madam."

Mtoto alikuwa ameshazaliwa. Kila asubuhi Calvince alipiga simu. Leo hakupiga.

"Kituo, niwasimamishe hapa barabarani?"

"Hapana," Kiragu alijibu kutoka Nairobi. "Ukifungua lile gari utakuta matofali ya kujengea majiko. Wana kibali cha matofali ya majiko."

"Nivunje moja."

"Lipi? Mengi ni matofali kweli. Ukivunja lisilo na kitu, mawakili wao wanalala ofisini kwangu. Nataka samaki hai, ndani ya boti, boti ikielekea nje ya nchi. Nikiwaona kwenye kamera yako, walinzi wa ziwa watatoka. Si kabla."

"Na Calvince?"

 

"Lete samaki, Ningu."

Kama wewe ni wa huku, ruka hapa, kamongo unamjua. Kama ni wa mbali, sikiliza. Kamongo ni samaki mrefu mwenye mapafu. Kinamasi kikikauka, anajichimbia matopeni, anajizungushia ute wake mwenyewe, ute unakauka, analala humo miezi mingi akivuta pumzi kwa kitundu. Unaweza kumkata na udongo wake, ukamchonga kama tofali, ukasafiri naye. Hatajua lolote mpaka akutane na maji.

Akina mama wa kinamasi cha Kusa wamepaka ute huo kwenye majeraha ya moto tangu enzi za bibi zao, na kidonda kinafunga vizuri. Daktari mmoja mgeni, Brenn, alikaa nao msimu mzima. Akanywa chai yao, akauliza maswali, akagawa fulana, akaondoka. Halafu kampuni yake ikaanza kuwanong'onezea wawekezaji kuhusu dawa ya ajabu ya ngozi. Kilichobaki ni samaki wenyewe, hai, wafike maabara.

Sheria haikuwa ngumu. Piga hodi. Sema unataka nini. Wenyewe wakikubali na serikali ikatoa kibali, chukua, halafu kitakachopatikana mgawane. Brenn aliona hodi inamchelewesha. Akifaulu, mama wa Kusa ataenda duka la dawa siku moja kununua ute wa kinamasi chake ndani ya kichupa.

Dunga ilinukia samaki wa kukaanga. Prado ilikuwa imesimama karibu na maji, wapagazi wakishusha masanduku. Aliyewasimamia ni Byron, fundi wa mipango yote ya Brenn, mwenye viatu vyenye ncha na miwani ya Ray-Ban. Brenn alikuwa ameshaketi botini na kofia yake pana.

Nyuma, mkono juu ya injini ya Yamaha, alikaa Calvince.

Yuko hai.

Mdomo ulikuwa umevimba. Jicho moja lilikuwa limefumba. Alimtazama Adongo, kisha akatazama kando, uso mtupu.  Wamemvunja, Adongo alifikiri. Ameshasema kila kitu.

Ndipo akaliona kopo.

Kopo la kuchotea maji, kibuyu cha mafuta kilichokatwa nusu, lilikuwa limefunikwa kifudifudi kando ya mguu wa Calvince. Na boti ilikuwa na maji.

Boti ya mbao huvuja. Kila dereva wa Dunga huchota kwanza, ndipo awashe injini. Hata mlevi huchota. Mizigo huwekwa juu ya mbao za sakafu, isilowe. Lakini mbao hizo zilikuwa zimetupwa pale mchangani. Byron alitaka masanduku yakae chini kabisa, yasionekane, kwa hiyo aliagiza ziondolewe. Alidhani tumbo la boti ni kavu kama buti ya Prado. Kosa la mtu ambaye ziwa analionea dirishani.

Na Calvince, ambaye angeweza kumwambia, alikuwa amefunika kopo.

Adongo hakupata nafasi ya kufikiri zaidi. Kitu kigumu kilimgusa mbavuni.

"Mama samaki," Byron alisema taratibu nyuma yake. "Nimekuona Milimani asubuhi, nimekuona tena saa sita. Kule unauza samaki gani?"

Akamchomoa kidude sikioni, akakitupa majini. Mkono wake ukapapasa kiuno, ukaipata Glock, akaichomeka kwenye mshipi wake mwenyewe. Kifungo hakukiona.

"Panda."

Hatua chache kutoka pale, wanawake walikuwa wakigeuza samaki mafutani, watoto wamewang'ang'ania sketi. Akipiga kelele, huyu mtu atafyatua. Adongo akapanda. Usimcheke, wewe pia ungepanda.

Yamaha ikanguruma. Nchi kavu ikaanza kurudi nyuma.

Byron alimfunga miguu kwa kamba ya nailoni, akaifungia kwenye wavu uliojaa mawe. Alifanya bila haraka, akipiga mluzi. Adongo alitazama yale mawe na akatamani kulia. Aliogopa maji yale ya kahawia, aliogopa kushuka nayo macho yakiwa wazi. Aliogopa kwamba kamera ilikuwa imekufa na Kiragu alikuwa anatazama kioo cheusi.

"Calvince, huyu unamjua?" Byron aliuliza.

"Simjui, boss."

"Basi wewe ndiye utamsukuma."

Calvince alimeza mate. "Sawa, boss."

"Tafadhali, si hapa," Brenn alisema kwa Kiswahili chake safi cha darasani. "Twende mbali kidogo. Samahani sana, dada."

Adongo alimkodolea macho. Mtu anakuomba radhi huku anakuchagulia kaburi.

Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Yalikuwa yakiingia kasi kuliko boti inavyovuja kwa kawaida, na Adongo alipochungulia kando ya injini aliona uzi wa pamba ukielea. Pamba ya kuzibia mbao. Mtu alikuwa ameing'oa.

Basi hajavunjika, alijiambia. Papo hapo hofu ikarudi mara mbili, maana sasa walikuwa wawili wa kufa.

Kamongo haamki mara moja. Udongo lazima ulainike kwanza, ute uyeyuke. Adongo alihitaji muda, na silaha pekee aliyobakiwa nayo ilikuwa mdomo.

"Daktari," alisema. "Wale mama wa Kusa ungewaomba, unafikiri wangekunyima?"

"Si hao. Ni karatasi, vikao, miaka. Watu wanaungua leo, dada."

"Na wao wanaungua leo. Hiyo dawa utawauzia bei gani?"

Brenn alifuta miwani. "Mimi si mtu wa bei."

"Ulikula kwao msimu mzima. Celestine, mwenyekiti wao, alikuchinjia kuku."

"Nyamaza," Byron alisema. Kisha akatazama chini. Viatu vyake vilikuwa vimezama. "We dereva, maji yote haya ni ya nini? Chota."

"Kopo limetoboka, boss."

"Chota na mikono basi."

Calvince akainama. Akakusanya maji kwa viganja, akayarusha. Hayakwenda ziwani. Yalikwenda juu ya masanduku, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Byron akaona.

 Akakanyaga lile kopo, akaligeuza kwa ncha ya kiatu. Lilikuwa zima.

"Wewe," alimwambia Calvince, na bastola ikahama kutoka kwa Adongo. "Wewe ni mtu wa nani?"

Calvince alinyanyuka taratibu, mikono ikidondosha maji.  Alikuwa akimtazama Adongo kwa lile jicho moja, na midomo yake iliyovimba ikasema neno bila sauti. Janice.

"Ni mtu wangu," Adongo alisema. "Nipige mimi."

"Nitawapiga wote. Naanza na huyu."

Khaaa.

Sauti ilitoka chini yao. Pumzi nzito, ndefu, ya mzee anayeamka usingizini.

Khaaa. Nyingine. Halafu sanduku zima likaanza kuhema.

Brenn alipauka. Akarukia sanduku, akang'oa kifuniko, na tofali la juu likammeguka mkononi kama ugali mbichi. Kichwa cha kijivu kikachomoza, kikafumbua mdomo, kikavuta hewa ya Kisumu. Sanduku la upande likaachana, udongo ukayeyuka majini, na migongo mirefu ikaanza kujinyonganyonga katikati ya miguu yao.

Adongo alikielekeza kifua chake pale. Kama unaona, Kiragu, basi ona sasa.

Byron alikaza kidole. Brenn akamdandia mkono. "Usipige. Utawaua, utatoboa boti, usipige."

Boti ikalala upande. Calvince akaokota lile kopo na kumtandika nalo Byron kwenye kifundo cha mkono, na bastola ikatumbukia katika yale maji ya tope.

Byron akainama, akatia mkono kuitafuta.

Mtu wa ziwani angeacha hiyo bastola iende. Kamongo ana meno kama koleo, na akishauma haachii kwa kubembelezwa. Byron alipiga yowe lililofukuza ndege kwenye mafunjo. Alipouchomoa mkono, samaki alikuja nao, mrefu kama mguu wa mtu, ameng'ang'ania.

Adongo, miguu ikiwa imefungwa kwenye mawe, alijitupa mbele kwa tumbo. Akashika mshipi wa Byron. Akachomoa Glock yake.

"Kaeni chini," alisema. "Wote."

Wakakaa, maji yakiwafika kiunoni. Mikono ya Adongo ilitetemeka sana, na nadhani hicho ndicho kilichowatisha zaidi.

Ndipo boti mbili za walinzi wa ziwa zikatoka nyuma ya mafunjo, injini zikiunguruma. Mbele ya ile ya kwanza, amevaa jaketi la kuokolea juu ya gauni la kanisani, alisimama Celestine wa Kusa mwenyewe. Kiragu alitaka shahidi, na alikuwa amempata mwenye mali.

Pale Dunga watu walijaa. Samaki waliokuwa macho waliwekwa kwenye mapipa ya maji ya kinamasi, warudishwe Kusa jioni hiyo hiyo. Byron alifungwa bandeji, kisha pingu. Brenn alipopitishwa mbele ya Celestine alisimama.

"Mama, ni samaki tu. Nyinyi mnawakaanga."

"Tunakaanga wetu," Celestine alisema. "Chai uliikuta kwangu, Daktari. Mlango ulikuwa palepale. Ungepiga hodi tungekaa, tungeongea, na dawa ungepata."

 Walinzi wakampeleka.

Adongo aliazima simu ya mlinzi mmoja. Hakuanza na ofisi. Alibonyeza namba aliyoijua kwa kichwa, akamkabidhi Calvince.

"Ongea na Janice kwanza."

Calvince aliishika kwa mikono miwili. "Ni mimi," alisema. Halafu akashindwa kuendelea, akasimama pale analia, na upande wa pili mtoto akasikika analia pia.

Kiragu alipatikana baadaye.

"Ripoti."

"Samaki wako hai. Mtu wetu yuko hai."

"Nimeona yote. Na wewe?"

"Mimi nimeogopa, Mzee. Niliogopa mpaka mwisho."

"Hiyo niiandike?"

"Iandike."

Akarudisha simu. Akatikisa leso yake iliyojaa tope, akaitupia begani, akapanda ule mteremko kuelekea barabarani taratibu, kama mama aliyemaliza kuuza. 

Nyuma yake, kwenye boti iliyokokotwa hadi ufukoni, alisikia kopo likikwaruza mbao, maji yakimwagwa nje, likikwaruza tena. Calvince alikuwa anachota.

Adongo hakugeuka.