Punda Mlangoni pa Mama Nasibu

Kila asubuhi pale Katoro, Eustace alirudi kutoka kisimani na punda wake, akashusha madumu ya maji, akamfuta punda mgongo kwa gunia, kisha akaita, "Haya, ng'wanone, mwanangu, panda."

Hosiana alipanda akiwa amenuna. Mguu wake ulikuwa umefungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, tangu alipotumbukia mtaroni na kuvunjika. Shule ilikuwa mbali, na nauli ya bodaboda haikuwepo. Asubuhi na jioni punda huyo, Majivu, alibeba maji ya kuuza. Mchana alimngoja Hosiana shuleni, amefungwa karibu na kibanda cha mlinzi, mzee Marwa, huku Eustace akiwapondea watu mawe ya dhahabu.

Mwaka ule uliwaelemea. Mama alikuwa amefariki, kisha likaja la mguu.

"Wakubwa walichimba mtaro, wakapiga picha, wakaondoka," Eustace alinung'unika kila walipoupita pamoja. "Umeachwa wazi kuvunja watoto wa wenzao. Wa kwao wanapanda magari."

Lakini kilichomuumiza Hosiana zaidi kilikuwa langoni mwa shule.

"Hosiana! Leo umejaza mafuta ya bei gani?" Marselino wa darasani kwake alimpigia kelele.

"Bodaboda yake inakula majani!" Rebeka akadakia. "Dereva, kofia ngumu iko wapi?"

Siku moja Hosiana alichoka. Kabla ya kufika shuleni alishuka, akamfunga Majivu kwenye kichaka harakaharaka, akachechemea na fimbo yake mpaka langoni. "Leo baba anamtumia punda," alimwambia mzee Marwa.

Alipotoka darasani jioni, kichakani hakukuwa na punda wala kamba. Punda yule ndiye aliyekuwa unga wao na chumvi yao.

Eustace alipokuja kumtafuta alimkuta ameketi langoni, analia. "Majivu yuko wapi?"

"Sijui, baba. Mzee Marwa hakumwangalia."

Eustace alimvaa mlinzi. "Nchi hii kila aliyepewa kulinda amelala! Juu wamelala, na wewe huku chini umelala! Nakwenda kwa mwalimu mkuu sasa hivi, wakutoe!"

"Mimi?" Marwa alishangaa. "Binti alisema leo unamtumia mwenyewe!"

"Usimsingizie mtoto!"

Hosiana aliinuka kwa fimbo yake, akasimama kati yao. "Baba, mzee Marwa hana kosa. Nilimficha Majivu kichakani. Wananicheka."

Eustace hakumpiga. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi. "Kuna watu wanasaka punda wawachune ngozi," alisema taratibu. "Akipotea huyu, tutakula nini?"

Marwa ndiye aliyemwinua. "Simama, ndugu yangu. Tumtafute kwanza, lawama baadaye."

Walimpakia Hosiana kwenye baiskeli ya mzee, wakafuata alama za kwato. Alama zilipita nyuma ya soko, zikakata kona, zikaishia kwenye mlango wa Mwanaima, Mama Nasibu, muuza vitumbua. Majivu alikuwa pale, kamba inaburuta, anatafuna maganda ya viazi kwa raha zake.

"Shikamoo, Mama Nasibu," Hosiana alisema kwa sauti ya chini.

"Marahaba, mwanangu. Mgeni wenu kaja mwenyewe. Marehemu mama yako akipita na maji alisimama hapa, nami nikimpa punda maganda. Kumbe hajasahau!" Akamtazama Hosiana. "Wewe ulikuwa kwa bibi yako Shinyanga mama alipozidiwa. Hukuambiwa alifikaje hospitali?"

"Sikuambiwa."

"Tuliambiwa gari la wagonjwa halina mafuta. Tukamlaza kwenye mkokoteni, Majivu akavuta njia nzima bila kuchapwa. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, asingefika akiwa hai."

Hosiana alikumbuka siku zile chache hospitalini. Aliporudi alimkuta mama bado anaongea. Mama alimsuka nywele akiwa amelala ubavu. Hakuwahi kujiuliza siku zile zilitoka wapi.

"Mbona hukuniambia, baba?"

Eustace aliinamisha kichwa. "Nikimkumbuka punda, nalikumbuka na lile gari. Hasira ikaniziba mdomo."

Hosiana alipanda kurudi nyumbani. Kwa mara ya kwanza aliusikia vizuri mgongo ule chini yake, una joto, unayumba polepole. Walipofika mtaroni, Majivu aliukwepa mwenyewe, akakanyaga penye udongo mkavu, taratibu, kama anayejua amebeba aliyeumia. Hosiana alimkumbatia shingo.

"Wakubwa nitawasema mpaka mtaro huu ufunikwe," Eustace alisema akitembea kando. "Na ukikua uwaseme. Lakini tumewatazama waliotunyima mpaka tukawasahau waliotubeba. Mimi nimemtukana Marwa bure, na yeye ndiye aliyeniinua. Wewe ulimwonea haya aliyekupa siku za mwisho na mama yako. Tumeteseka mwaka huu, mwanangu, lakini hatukuwa peke yetu. Anayelijua hilo hashindwi kusema asante, na hana sababu ya kudanganya."

Asubuhi iliyofuata Eustace aliwasindikiza shuleni, akamwomba Marwa radhi mbele ya watu. Marselino, kama kawaida yake, akaropoka, "Leo mafuta ya bei gani?"

Hosiana hakushuka. "Huyu ndiye aliyempeleka mama yangu hospitali," alisema, "siku ambayo gari halikuwa na mafuta."

Marselino alisogea, akaishika kamba ya Majivu, akampeleka polepole mpaka kwenye kibanda cha mlinzi.