Nani Alibadili Tahasusi ya Asteria?

Jumatatu, saa tatu asubuhi, katika steshenari ya Salimu mjini Same, mfumo wa maombi ya vyuo mtandaoni ulilikataa ombi la Asteria la kusomea udaktari. Hakuwa na Fizikia ya kidato cha sita. Alikuwa amesoma CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, na alidhani alama zake nzuri zingembeba.

Shangazi yake Hedwiga, askari mpelelezi mstaafu, aliuliza swali moja tu.

"Wewe mwenyewe ulichagua nini?"

"PCB, shangazi, yenye Fizikia. Serikali ikanipangia nyingine."

Hedwiga hakuridhika. Alipanda milimani hadi Suji, kwenye shule aliyomalizia Asteria kidato cha nne. Mwalimu wa taaluma, Loth, akamchapia karatasi ya kumbukumbu: chaguo lilibadilishwa mtandaoni miaka miwili nyuma, Jumamosi ya tarehe 6 Aprili, saa 4:12 asubuhi.

Loth alikuwa na namba za mtihani za wanafunzi wote, za kuingilia mfumo. Lakini ni Msabato. Saa hiyo alikuwa kanisani akifundisha somo mbele ya waumini. Salimu naye alimsaidia Asteria kujaza fomu, ila kubadili chochote kulihitaji jibu la swali la siri, na jibu hilo binti aliliandika mwenyewe.

"Uliandika nini?" Hedwiga akauliza.

"Jina langu la utani la nyumbani."

"Nani wanalijua?"

"Baba na mama tu."

Aprili ile mama alikuwa amelazwa hospitali ya Gonja, katoka kupasuliwa, hajitambui. Hedwiga akaikunja ile karatasi; alibaki baba tu. Hezroni, baba wa Asteria, alikuwa mdogo wake, aliyembeba mgongoni utotoni.

Jioni walimkuta akipukuchua maharage. Hedwiga akaiweka karatasi mbele yake.

"Hezroni, Jumamosi ile ulifanya nini na simu yako?"

Hezroni akayaacha maharage, akasema yote. Shule za PCB alizochagua binti zilikuwa Iringa. Ya CBG ilikuwa hapa Same. Madaktari hawakuwa wamemwahidi lolote kuhusu mkewe.

"Niliogopa mama yako atakufa hujamwona. Sikujua somo moja linafunga mlango."

Asteria alimtazama mama yake, aliyekuwa mzima, amesimama mlangoni.

"Ungeniuliza, baba. Ningebaki mwenyewe."



Wiki iliyofuata Asteria alianza kujiandaa kufanya mtihani wa Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwalimu Loth, ambaye somo lake ni Fizikia, alikubali kumfundisha kila Jumapili. Aliyekwenda kumwomba, na kumtaka radhi kwa kushukiwa bure, alikuwa Hezroni.