Malalamiko Dhidi ya Mashine ya Donatien

Sikilizeni, wakaaji wote wa Kadutu! Sheria tukufu ya Jamhuri ya Zaïre imefika nyumbani kwetu na kuketi. Imeketi kwenye kigoda cha jikoni, maana viti vizuri baba yetu, Papa, ameviazimisha kwenye matanga.

Sheria yenyewe ni bwana mmoja wa ofisi ya zone, yaani ya wilaya, aliyevaa abacost, suti ya serikali isiyo na tai. Mwezi mzima tangazo lake lilibandikwa mlangoni kwa jirani yetu Donatien: anaomba ruhusa ya kuendesha mashine ya kusaga mihogo, anayesumbuliwa aandike. Ilikuja barua moja tu, ndiyo iliyomleta kwetu pamoja na Donatien.

— Citoyen, bwana alimwambia Donatien, jirani mumoja anakataa. Nasoma: "Nina heshima kubwa ya kulalamika juu ya ngurumo za kutisha, na unga unaoingia hadi ndani ya chungu cha mboga yetu ya sombe. Naomba mashine hiyo ifungwe milele." Sahihi: Cibalonza.

Cibalonza ni dada yangu. Jumamosi wazee wa Donatien walikuwa walete ng'ombe wa mahari yake.

Donatien, mweupe kwa unga hadi kope, alimgeukia dada, aliyekaa kando yangu.

— Ciba, ni weye?

— Hapana! Sikuandika kitu!

— Ile mashine njo itatukulisha sisi wawili. Kama haunitaki, ungeniambia. Sheria ya nini?

— Donatien, nakuapia!

— Jina iko yako. Nitaambia bazee ngombe ibakie.

Dada alijifunika uso kwa kitenge. Mimi nilizidi kuchagua maharagwe, kwa bidii ambayo masista wa internat, shule yangu ya bweni, hawajawahi kuiona kwangu.

— Barua iko ya tarehe gani? Papa aliuliza.

— Le dix-huit juillet, kumi na nane mwezi wa saba.

Donatien alisimama.

— Le dix-huit? Siku ile nilimupeleka Ciba Katana, ku hospitali, kwa shangazi yake. Alibakia kule siku ine!

Papa aliichukua barua, akaisoma polepole.

— "Nina heshima kubwa ya kulalamika..." Hii Kiswahili ya masista, nani anaiongea hapa kwetu?

Papa alituangalia mmoja mmoja.

— Eulalie!

Maharagwe yote yalimwagika.

— Samahani, Papa. Ni mimi.

Donatien aliinama mbele ya dada.

— Ciba, unisamehe. Nilikuzania mubaya.

— Na ngombe? dada aliuliza ndani ya kitenge.

— Jumamosi, samedi ileile. Hata mvua inyeshe.

Papa alikohoa.

— Lakini unga inaingia kweli mu sombe.

Basi bwana wa zone akaandika masharti: mashine izimwe saa kumi na moja jioni, na dirisha la upande wetu lizibwe. Donatien alikubali yote. Kisha bwana akanipa kalamu, niandike chini ya barua yangu, kwa jina langu mwenyewe. Niliandika: "Mimi, Eulalie, niliiba jina la dada yangu. Mashine haina kosa."

Dada alipiga magoti kando yangu, akaanza kuokota maharagwe.

— Kelele inakusumbua nini, weye? Unalala mpaka saa ine ya asubuyi nayo!

Niliokota maharagwe pamoja naye.

— Kelele hainisumbui, yaya, dada yangu. Mashine ikinguruma, uko hapa na mimi. Ikinyamaza tu, unashika kitana, unaenda kwa Donatien. Nilifikiri ikifungwa, tena kwa jina lako, hatakuoa, utabakia na mimi.