Fisi Aliyekunywa Ukungu

Asubuhi za kijiji cha Mugoma, kule milimani, ukungu hushuka taratibu hadi kwenye migomba, na nyumba ya Auleria huwa kana kwamba inaelea. Jioni, maharage yakiwa jikoni, Auleria alikuwa akimsimulia binti yake Ineza vituko vya Sungura kwa Kihangaza, lugha ya kwao. Ineza alikuwa na miaka mitano, na mdomo wake, jamani, haukupumzika!

Lakini shuleni hakusema kitu. Darasa la awali hufundishwa kwa Kiswahili, naye Kiswahili hakukijua.

Auleria akaingiwa na hofu. Mtoto wangu ataachwa nyuma, aliwaza. Basi akapiga marufuku Kihangaza nyumbani, na Sungura naye akafukuzwa.

"Sema kikombe! Sema kabati!" Na kabati lenyewe ndani halipo. Ineza akasema, akasahau, akafokewa. Mwishowe akanyamaza kwa lugha zote mbili. Auleria alilia peke yake shambani.

Huko huko shambani akamwona Mwalimu Mwanaheri, mwalimu wa Ineza, akipita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Ineza. Mbona macho mekundu?"

Auleria akaeleza yote. Mwalimu akashika kiuno.

"Umemnyima Sungura? Ala! Mrudishie leo hii. Mtoto hushika neno jipya akiwa na hamu ya kujua kitakachofuata. Simulia kwa Kihangaza kama zamani. Tia maneno machache tu ya Kiswahili, uyaonyeshe kwa vitendo. Yarudie. Kisha nyamaza, amalizie mwenyewe."

"Na akikosea?"

"Usimfokee. Wewe liseme vizuri, hadithi iendelee."

Jioni hiyo Auleria akasimulia jinsi Sungura alivyoyatamani maharage ya Fisi. Alipofika kwenye ujanja, akatia Kiswahili: "Fisi, ule ukungu ni maziwa! Panua mdomo! Kimbia, unywe!"

Akapanua mdomo, akakimbia kuzunguka mafiga. Ineza akacheka hadi akakaa chini. Auleria alikuwa na hamu na kicheko hicho, acha tu!

"Fisi alikunywa nini?"

Ineza akafikiri. "Maziwa!"

"Kweli?"

"Hapana! Ukungu!"

Ikawa hivyo kila jioni. Fisi alizunguka milima mdomo wazi, Sungura akala akashiba, na maneno mapya yakaongezeka moja moja.

Baada ya muda Auleria alipita shuleni kupeleka sweta. Akasimama mlangoni, asiamini. Ineza alikuwa mbele ya darasa, akisimulia. Neno la Kiswahili lilipompotea, alitia la Kihangaza akaendelea, na wenzake wakamtajia. Watoto wote macho yao yalikuwa mbali, kama wanaomwona Fisi kule mlimani. Auleria alisahau kilichomleta.

"Vizuri sana, Ineza," alisema Mwalimu Mwanaheri. "Kaa sasa, mwenzako naye aseme."

Ineza akatikisa kichwa.

"Bado, mwalimu. Sungura hajafika nyumbani."