Fahali wa Sentimita Arobaini

Everlyne alirudi kutoka shuleni jioni, akaketi mlangoni bila kuvua viatu. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe. Nikamwangalia, nikaendelea kuchambua. Mtu aliyechoka hivyo ukimuuliza swali mapema, utajibiwa vibaya na maharagwe bado hayajaingia sufuriani.

Everlyne ni binti yangu. Anafundisha Gredi ya Nne hapa Matisi, Kitale. Mtoto wake, Jepkemboi, yuko katika darasa hilo hilo.

"Mama, nimechoka," akasema.

"Naona. Hata viatu vimechoka."

"Nimewafundisha vipimo tangu tufungue shule. Leo nimeuliza, mlango wa darasa una urefu gani? Mmoja akasema mita mia mbili. Mwingine, sentimita tatu."

"Huyo wa sentimita tatu anaingiaje darasani?"

Hakucheka. Hapo nikajua kuna shida.

"Kuimba wanajua," akasema. "Sentimita mia moja ni mita moja. Wanaimba kama kwaya. Lakini mwambie mtoto akuonyeshe mita moja kwa mikono. Anafungua mikono kama anataka kukumbatia mbuzi." Akashika kichwa. "Nimemwambia Mwalimu Gicheru, muhula huu ukiisha kama hawajaelewa, ninaacha ualimu. Nitauza nguo sokoni Kibomet."

Gicheru ni mwalimu mkuu. Alikuwa amemjibu, "Fikiria kwanza. Uniletee jibu kabla hatujafunga shule."

Watoto walikuwa waende Mabanga, karibu na Bungoma, kwenye kituo cha mafunzo ya wakulima. Huko wangeona ng'ombe akipimwa na shamba likipimwa. Lakini basi la shule liko gereji. Limekaa huko hata kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma.

Everlyne alikuwa na rafiki waliyesoma naye chuo, anaitwa Nangila. Nangila anafundisha shule ya msingi huko karibu na Mabanga. Akampigia simu.

"Wacha kulia, bana," Nangila akasema. "Watoto hawawezi kuja? Basi waje kwa video. Nitaingia kituoni na simu yangu. Nyinyi mtatuona ukutani kwa projekta ya shule. Mimi hufanya hivyo na darasa langu."

"Itasaidia kweli?"

"Jaribu. Simu haili mtu."

Siku ya safari nilimpelekea Everlyne chai. Nilikuwa niache chupa niende. Lakini niliona ukuta unawaka kwa picha, nikatafuta dawati.

Kwanza alitokea Nangila. Halafu mwanamume mwenye buti za mpira. "Mimi ni Hesbon Walubengo," akasema. "Nachunga ng'ombe hapa. Karibuni Mabanga!" Watoto wakapiga makofi mpaka vumbi likapanda.

Akatuonyesha ng'ombe amesimama mbali, kando ya ua. Everlyne akasema, "Haya, pimeni."

Mvulana mmoja anaitwa Tonny alikimbia ukutani na rula. "Sentimita arobaini!" akapiga kelele.

"Ndama mzuri," nikasema mimi.

"Mama, huyo si ndama," Hesbon akajibu kutoka Bungoma. "Huyo ni fahali. Alinivunja mbavu mwaka jana."

Nangila akasogeza simu karibu. Fahali akajaa ukuta mzima. Tonny akapima tena. "Ticha! Sasa amefika mita mbili! Amekula nini?"

Mambo yakaharibika kabisa Hesbon alipoinua kifaranga mbele ya simu. Kifaranga kikafunika ukuta kutoka dirishani mpaka mlangoni. Watoto waliandika kwamba kifaranga kinamshinda fahali kwa ukubwa. Na kwa rula zao, hawakudanganya.

Everlyne akazima projekta. Hakugombeza mtu. Alikunywa ile chai imepoa, akiangalia ukuta ambao sasa haukuwa na kitu.

Jioni Nangila akapiga simu. Everlyne akaweka sauti ya juu, kwa hivyo hakuna anayeweza kusema nilisikiliza kwa siri.

"Nangila, wachana na mimi. Si umeona? Ninaacha."

"Nimeona. Hata mimi safari ya kwanza watoto wangu walipima tingatinga likawa dogo kama kiatu. Sikiliza. Picha haina ukubwa wake. Kitu kikiwa mbali kinaonekana kidogo, kikiwa karibu kinaonekana kikubwa. Ukipima ukuta, umepima ukuta. Hujapima ng'ombe."

"Sasa tutampimaje?"

"Hesbon asimamishe rula ya mita moja kando ya ng'ombe, wakae pamoja kwenye picha. Hapo mtoto ana kitu cha kulinganisha. Na kila mtoto awe na mita yake mkononi. Kamba tu inatosha. Kwanza anakisia. Hesbon anapima huko. Halafu watoto wanatengeneza kipimo hicho hicho hapo darasani, kwa kamba, kwa chaki, kwa miili yao. Wakitazama tu, hiyo ni sinema."

"Nijaribu mara moja tu," Everlyne akasema. "Moja."

Akawatuma watoto walete kamba ya katani ya mita moja kutoka nyumbani. Jepkemboi akaja kwangu. "Kogo, nikatie mita moja." Kogo ni nyanya.

Hapo nilijiona fundi. Nikashika kamba puani, nikanyoosha mkono mpaka ncha ya kidole, nikaongeza shibiri mbili, nikakata. Ndivyo mama yangu alivyopima kitambaa. Nilimpa mtoto kamba, nikamwambia, "Mwambie mwalimu wako hiyo ni mita kamili."

Kesho yake Everlyne alizipanga kamba zote sakafuni. Karibu kila nyanya wa Matisi alikuwa amepima kwa pua yake. Kuna kamba fupi, kuna kamba ndefu. Nyanya mmoja, nadhani mkono wake unafika Eldoret.

"Ni ya nani iko sawa?" Everlyne akauliza.

"Yangu!" wote wakajibu.

Akaleta rula ya mita moja ya darasa. "Pua ya nyanya na pua ya jirani hazilingani," akasema. "Mikono pia. Lakini mita ni moja hapa, na ni ile ile Bungoma. Ndiyo maana tunaitumia." Watoto wakaweka kamba zao kwenye rula. Waliozidisha wakakata. Waliopungukiwa wakaunga. Katikati ya kila kamba wakafunga uzi mwekundu, kuonyesha sentimita hamsini.

Jepkemboi alirudi na kipande kilichokatwa kwenye kamba yangu. "Kogo, ulizidisha."

"Hiyo ilikuwa ya nyongeza," nikasema. "Mfanyabiashara mwema huongeza."

Safari ya pili nilikuja tena na chai, na Hesbon alimleta ng'ombe wa maziwa. Fahali hakualikwa tena. Akasimamisha rula ya mita moja kando ya bega lake.

"Msinipe jibu mbio," Everlyne akawaambia. "Angalieni rula iko wapi, na bega liko wapi. Mkisie kwa kamba zenu."

Watoto wakanyoosha kamba zao. Hata Tonny hakukimbia ukutani. Jepkemboi alishika kamba yake, akapima kwa vidole nusu nyingine hadi uzi mwekundu, akakunja mdomo. "Mita moja na karibu nusu," akasema.

Hesbon akapima. "Mita moja na sentimita arobaini!"

Wakachora alama ya urefu huo ukutani kwa chaki. Tonny akasimama chini yake. Alama ilikuwa juu ya kichwa chake. "Ati ng'ombe amenishinda!"

"Hata kwa hesabu," jirani yake akamwambia.

Halafu Hesbon akazungusha tepu kifuani mwa ng'ombe, nyuma ya miguu ya mbele. "Hapa ndipo tunapima tukitaka kukisia uzito wake," akaeleza. "Ukijua uzito, unajua kiasi cha dawa ya minyoo. Ukimpa kidogo, minyoo haifi. Ukimpa nyingi, unamuumiza. Kisieni mzunguko."

Wengi walisema mita moja. Jepkemboi akasema mbili kasoro kidogo.

"Mita moja, sentimita tisini na tano."

Everlyne akaunganisha kamba mbili, akapunguza sentimita tano, akafunga duara. "Nani anataka kuingia kifuani mwa ng'ombe?" Watatu waliingia wakibanana. Wa nne akakwama nje, akisukuma kwa kiwiko. Huko Mabanga Hesbon alicheka hadi simu ikatikisika.

Everlyne akageukia mlango. "Na huu?"

Watoto walikisia, kisha wakapima kwa kamba. Mita mbili, na sentimita chache juu yake. Hakuna aliyetaja mia mbili. Hakuna aliyetaja tatu.

Tangu hapo wakapima kila kitu: bustani ya sukuma, ubao, tangi la maji. Mlinzi alifunga kibanda chake, wasije wakampima yeye.

Wiki ya kufunga shule ilipofika, darasa la Nangila likaomba na wao watembee Kitale kwa video. Gredi ya Nne wakatafuta kitu cha kuwaonyesha. Wakanichagua mimi. Nilisimamishwa ukutani, rula kando yangu. Nikavuta shingo kadiri ilivyoweza.

Watoto wa Bungoma wakakisia. Watoto wetu wakapima. "Mita moja na sentimita hamsini na mbili!"

"Pimeni pamoja na kitambaa cha kichwa," nikasema. Wakakataa. Hawa watoto siku hizi hawana huruma.

Mwalimu Gicheru alikuwa ameingia, amesimama nyuma. Akamsogelea Everlyne, ambaye macho yalikuwa mekundu kwa uchovu, na chaki imefika mpaka kwenye nywele.

"Mwalimu, shule inafungwa Ijumaa. Jibu langu liko wapi?"

"Nimechoka, Mwalimu Gicheru."

"Najua."

"Muhula ujao kuna lita na kilo. Nitahitaji mizani na mitungi." Akafuta chaki usoni, akaipaka vizuri zaidi. "Niandike Gredi ya Nne tena."

Gicheru akamshika mkono. Wakatoka pamoja wakiongea juu ya mitungi, watoto wakiwafuata kwa kelele. Mimi nikabaki nimenyooka ukutani, Bungoma nzima ikinitazama, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuniambia kwamba nimeshapimwa.