Kidonge Kwenye Uji wa Redempta

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Asnath aliendesha baiskeli nyuma ya dada yake. Redempta alikimbia kutoka nyumbani kwao, kijiji cha Pito, hadi karibu na mjini, kisha akageuka kurudi, wakati baridi ya Ufipa bado inauma masikio. Asnath alikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi yake ilikuwa kubeba sweta na kuhesabu dakika, lakini muda mwingi alitazama tu miguu ile ikipanda kilima bila kupunguza mwendo.

Katika mbio za Kaengesa, Redempta alishindwa kwa hatua tatu na Victoria, msichana wa Laela. Redempta mwenyewe alimkumbatia Victoria, wakacheka pamoja. Asnath ndiye aliyelia.

Kesho yake, Asnath alimkuta bombani jirani yao Stanley, kijana aliyekuwa akinyanyua vyuma mjini.

"Shikamoo, kaka Stanley."

"Marahaba. Bado umenuna? Dada yako mbio anazo, ila pumzi inamwishia mwishoni." Akampa kidonge cheupe kilichofungwa kwenye karatasi. "Mimi navitumia hivi kuongeza nguvu. Nilimpa, akakataa. Labda wewe utamshawishi."

Asnath alijua dada yake hashawishiki. Kwa hiyo, siku ya mchujo wa timu ya mkoa, alikisaga kidonge kwa kijiko, akakikoroga kwenye uji wa ulezi. Redempta akaunywa wote, akashukuru.

Nusu saa kabla ya mbio, Redempta aliketi ghafla kwenye nyasi za uwanja.

"Asnath, hebu shika hapa."

Moyo wa Redempta ulidunda kama wa mtu aliyekwisha kukimbia. Vidole vilitetemeka.

"Sijui nina nini leo. Labda ni woga."

Asnath alijua si woga. Angeweza kunyamaza. Lakini alipomwona dada yake anajaribu kufunga kamba za viatu mara ya tatu na kushindwa, maneno yakamtoka.

"Dada, usikimbie! Nilikuwekea kidonge cha Stanley kwenye uji."

Redempta hakumpiga wala kumfokea. Machozi yalimlengalenga. Kisha akabandua namba kifuani, akamshika mdogo wake mkono, wakaenda hadi kwenye meza ya waamuzi. Kocha wake, Mwalimu Zenon, alikuwa hapo.

"Mwalimu, nimekunywa dawa. Sikujua, lakini imo mwilini mwangu. Sikimbii."

Mzee mmoja aliyesikia akadakia, "Binti, leo hapimwi mtu hapa. Kimbia tu!"

"Mzee wangu, Victoria yule pale amekuja na jasho lake mwenyewe," Redempta alijibu kwa upole. "Nitamwibiaje?"

Mwalimu Zenon alivua kofia yake, kisha akamwita nesi Hellena, aliyekuwa zamu uwanjani.

Nesi alimlaza Redempta kwenye hema la huduma ya kwanza, akampima mapigo ya moyo mara kwa mara.

"Kidonge kisicho hata na jina!" alisema. "Mtu akikimbia na moyo unaokwenda hivi, anaweza kuanguka asiinuke. Asnath, ulikosa sana kumwekea. Lakini huenda kusema kwako kumemwokoa."

Filimbi ilipolia, Redempta aliomba aketi mlangoni mwa hema. Kutoka hapo alimshangilia Victoria mpaka sauti ikamkauka.

Jioni, mapigo yalipotulia, walikwenda kwa Stanley. Aliposikia yaliyotokea, aliinamisha kichwa. Alikiri kwamba hata yeye alikuwa halali vizuri, na moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa nesi Hellena na vidonge vilivyobaki.

Wiki sita baadaye ulifanyika mchujo wa mwisho. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, kwa kuwa Victoria alikwisha kuchaguliwa. Redempta alikaa nyuma ya wenzake mizunguko mingi. Kwenye kona ya mwisho akachomoka, akawapita wawili waliokuwa mbele, akamaliza wa kwanza. Aliyempokea kwenye mstari ni Victoria.

Asnath alimwendea Mwalimu Zenon akitazama chini. "Mwalimu, siku ile nilitaka tu dada ashinde."

"Najua. Lakini ulimpenda bila kumwamini. Dawa za namna ile zinahatarisha mwili, na zinamnyang'anya mwenzako haki yake. Mtu unayempenda akishindwa, mtie moyo, usimtafutie njia ya mkato. Na ukikosea, sema mapema, hata kama midomo inatetemeka. Hilo ulilifanya."

Akamtazama Redempta, aliyekuwa akipiga picha na wenzake.

"Nimefundisha riadha miaka ishirini," alisema. "Leo nimefurahi. Lakini siku niliyojivunia zaidi ni ile ambayo mwanariadha wangu hakukimbia."