Dawa ya Kuwasha, Dawa ya Kuzima

"Simba Mbili, mzuie. Asifike Ujiji."

Sauti ya mkuu ikakatika kwenye redio ya Motorola. Wema Ntakarutimana, jasusi aliyeitwa Simba Mbili, akaifungulia injini ya Yamaha mafuta yote, boti ikaruka juu ya mawimbi. Mbele, boti ya mbao ya Dismasi, mlanguzi wa dawa, ilikuwa ikikimbia kutoka Kagunga kuelekea kusini.

Ilibeba dawa zilizoibwa maabarani, ng'ambo ya ziwa. Aina mbili. Moja inaiga homoni ya ubongo inayoamrisha mwili utoe homoni ya kukua. Nyingine inaizuia amri hiyo, na watafiti wanatumaini itadumaza uvimbe wa saratani.

Moja inawasha. Nyingine inazima.

Za kuzima zilikuwa chache. Basi Dismasi, mshenzi yule, akabandika nembo za kuzima kwenye chupa za kuwasha, awauzie wenye saratani.

Mmoja wao alikuwa Agnesi wa Buzebazeba, dada mkubwa wa Wema. Uvimbe ulikuwa pafuni. Leo angechomwa sindano ya kwanza.

Mkuu hakujua hilo. Wema hakumwambia.

Karibu na Mwamgongo, Dismasi akajichanganya na boti nyingine mbili. Sasa zilikuwa tatu, zote zimefunikwa maturubai ya bluu. Wema hakuwahi kuiona sura yake.

"Mmebeba nini?" akapaza sauti.

"Mawese, afande!"

"Mihogo!"

Wa tatu akatabasamu. "Dagaa wabichi, dada. Tumewavua usiku huu. Nimewawekea barafu."

Mwezi ulikuwa umejaa. Taa za wavuvi hazivuti dagaa mbele ya mwezi kama ule, na wavuvi wa mwambao wote walikuwa nyumbani wakishona nyavu. Mtu wa ziwa asingesema vile hata akiwa amelewa. Dismasi alikuwa mtu wa Dar.

Akachomoa Glock.

"Mikono juu!"

Dismasi akawahi bastola yake. Risasi ikapita kando ya sikio la Wema. Ya Wema ikampata Dismasi begani, bastola yake ikazama ziwani.

Wema akarukia boti ile, akamfunga pingu, akafungua sanduku. Barafu. Chupa ndogo, safu kwa safu.

"Za kuzima za kweli ziko chini kabisa," Dismasi akasema, akihema. "Wateja wangu nawajua, dada. Na ndugu zao nawajua. Mchukulie Agnesi, uniache niende. Nani atajua?"

Wema akachomoa chupa moja ya chini. Ilikuwa baridi. Akaielekeza mfukoni, na alijichukia kwa hilo.

"Simba Mbili, taarifa."

Akairudisha chupa.

"Amekamatwa. Mzigo upo."

"Wote?"

"Wote."

Pwani ya Kibirizi, jua likichomoza, aliwakabidhi polisi mtu na sanduku, akavaa miwani yake ya Ray-Ban. Simu ikaita.

"Wema, mwana wa mama, yule mtu wa dawa hajafika."

"Hafiki, dada. Alitaka kukupa za kuwasha. Zingeweza kuulisha uvimbe."

Agnesi akakohoa muda mrefu.

"Na za kuzima? Hazikuwepo kabisa?"

Wema alidanganya watu kwa mshahara. Huyu alishindwa kumdanganya.

"Zilikuwepo. Nimezikabidhi. Bado hazijajaribiwa kwa watu."

"Kwani mimi si mtu, Wema?"

Simu ikakatika. Wema akaiweka mfukoni, akatembea kuelekea gari bila kugeuka nyuma. Askari mmoja akamsifu kwa kazi nzuri. Wema akapanda, akawasha gari.